Kuku wa Paskalia na Vidonge vya Wodi ya Wanaume

Mtu akikwambia jiko la hospitali yetu lilikuwa chafu, mwambie aje aniambie mimi usoni. Miaka kumi na mmoja nimeosha sufuria za jiko lile, sufuria ambazo mtu mzima anaweza kukaa ndani na kuoga, na sijawahi kumpelekea mgonjwa sahani yenye ukoko wa jana. Nasema hivi mapema kwa sababu hasira yangu haijaisha mpaka leo, na kwa sababu ilibaki kidogo sana nifukuzwe kazi kwa kosa la sponji. Sponji! Jina la hospitali silitaji, bado nakula chumvi yake. Jueni tu kwamba iko pembeni ya mji wa Kahama, upande wa barabara ya kwenda Geita, na wagonjwa wake wengi ni wachimbaji wa dhahabu walioangukiwa na mawe.

Lakini habari yenyewe si yangu, ni ya Paskalia Jilala, mpishi mkuu, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Fredy kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi ni Mama Aneth, muosha vyombo wake.

Paskalia ni mfupi, amejaajaa, na ana sauti ya mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe, maana ndivyo alivyokulia huko kwao Tinde. Alianza kupika pale wakati jiko bado ni mafiga matatu chini ya turubai. Anasonga ugali wa watu themanini kwa mwiko ambao mimi nikiushika nauinua kwa mikono miwili na kuomba Mungu. Kila daktari mpya akija, kabla hajapewa hata koti, anaambiwa akamsalimie Mama Fredy jikoni. Anapiga shikamoo, anaitikiwa marahaba, anapewa bakuli la mlenda, na hapo ndipo anahesabika kuwa ameajiriwa.

Ana tabia mbili ambazo lazima mzijue. Ya kwanza, hakuwa anaonja kwa kijiko. Anachota mchuzi kwa upawa, anadondosha kidogo kwenye kiganja cha mkono wa kulia, analamba, anafumba macho. Akitikisa kichwa, chumvi iongezwe. Akiguna, pakueni. Halafu mkono uleule unashika nyanya, unashika kitunguu, unampangia mgonjwa matonge. Hakuna aliyeona kosa, mama yangu alionja hivyo, na mama yako pia, usinidanganye. Yeye alisema kijiko kina ladha ya bati na kinamchanganya.

Ya pili, Paskalia hatupi kitu. Ukoko, maganda, ugali uliobaki kwenye sahani, vyote vinaingia kwenye ndoo ya kijani, na kila jioni ndoo hiyo inapanda bodaboda naye mpaka kwake Nyasubi, kwa kuku wake. Walikuwa thelathini na wanne. Wanene mpaka wanatembea wakiyumba, wale kuku, na kila mmoja ana jina. Mwanamke hana mume nyumbani, alishafariki, na watoto wameshaoa na kuolewa, kwa hiyo kuku ndio waliokuwa wakimsubiri mlangoni.

Sasa njoo kwenye vidonge. Wachimbaji wetu wakilazwa wanapewa vile vidonge vyenye upande mwekundu na upande mweusi, ambavyo kila mtu huku anaviita rangi mbili. Mwanaapolo, ndivyo wanavyojiita hao wachimbaji, anameza siku mbili. Homa ikishuka, anajiona daktari. Vilivyobaki anavificha ili akirudi kwenye shimo awe na akiba, akijikata anafungua kidonge na kumwagia ule unga kwenye kidonda, shughuli imekwisha. Wengine hata akiba hawataki, wamechoka tu kumeza, basi nesi akigeuka wanakitumbukiza kidonge chini ya ugali uliobaki. Sahani zinarudi kwangu, mimi nakuta rangi mbili zimechomekwa kwenye matonge kama maharage.

Mimi nilikuwa nazitupa. Paskalia akaniona siku moja, akanisema vibaya sana. Watu wanatoka Nyarugusu wakining'inia kwenye lori kuja kutafuta dawa hizi, mimi nazimwaga kwenye mtaro, sina hata aibu. Tangu siku hiyo vidonge vikavu vikaingia kwenye kopo la kahawa lililokaa nyuma ya gunia la unga, na vile vilivyolowa vikaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya kijani. Kila Jumamosi Paskalia alibeba kopo nyumbani, akafungua vidonge kimoja kimoja kwa kucha, akamwaga unga kwenye maji ya kuku.

Mwaka ule mdondo ukapita Nyasubi ukafagia mabanda. Asubuhi unatoka nje unakuta majirani wamebeba kuku waliokufa kama wanatoka kuvua samaki. Kuku wa Paskalia hakufa hata mmoja. Bwana mifugo wa kata, Pantaleo, mtu mpole asiyejua kunyamaza, alimwambia juu ya ua kwamba rangi mbili haziwezi mdondo, kwamba kuku wake wamepona kwa sababu yeye mwenyewe Pantaleo aliwadondoshea chanjo machoni mwezi Juni na Paskalia ndiye aliyemshikia. Paskalia akamwambia ana wivu. Akazidisha vidonge.

Na mimi, ngoja niseme ukweli, nilikula mayai ya kuku hao. Manne kila wiki, yamefungwa kwenye gazeti. Kopo nililijua lilipo, ndoo niliijua, na sikuwahi kuuliza chochote kwa sababu mayai yalikuwa na viini vya manjano iliyokolea.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo linaloniuma. Kwetu mgonjwa analetewa chakula na ndugu zake, jiko la hospitali ni la kujazia tu. Lakini mchimbaji aliyetoka Kigoma au Mbeya, nani atamletea? Wodi ya wanaume ina vitanda vya watu wasio na mtu. Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya misa, Paskalia alichinja kuku wawili wake mwenyewe, hakuna aliyemtuma, akawapikia hao supu na kuwakatia kachumbari pembeni, maana mwanaume aliyevunjika mguu hata kama ana homa kachumbari haikatai. Kuku anakatwa juu ya ubao wa mninga alioachiwa na baba yake. Ubao unasuuzwa kwa maji baridi, kwa kuwa ya moto yangeupasua. Halafu juu ya ubao huohuo zinakuja nyanya na vitunguu.

Ndipo akaja Mihayo. Kijana wa Kigoma, mkubwa kama mlango, jiwe lilimvunja mguu ndani ya duara, ndivyo wanavyoliita lile shimo lao. Alikuwa anaendelea vizuri, anawatania manesi, anaomba ugali wa pili. Wiki ya tatu akaanza kuhara, kisha homa, kisha kidonda kikaanza kutoa usaha wenye harufu ambayo sitaielezea kwa sababu labda mtu anasoma akila. Wakafuata wengine wawili wa vitanda vya karibu. Daktari Eufrasia, mkuu wa wodi ile, akabadilisha dawa. Hakuna kitu. Akabadilisha tena. Mara ya tatu akaja jikoni kuomba chai, akakaa juu ya ndoo, akasema anamdunga yule kijana dawa na ni sawa na kumdunga maji. Kama hali itaendelea, mguu utakatwa, na kama haitoshi, basi.

Vipimo vikapelekwa Mwanza. Jibu likarudi kwamba vijidudu vya wagonjwa wote watatu ni vya aina moja, dawa zote tatu havizijali, na tukaangalie chakula.

Hapo ndipo dunia ilipotugeukia. Habari ilitoka kwa daktari asubuhi, saa sita mchana ilikuwa imefika stendi. Ndugu wa wagonjwa wakaja na chupa za chai na mahotpoti mpaka wodi ikafanana na mnada. Ugali wa Paskalia ulirudi kama ulivyotoka, umetuna, haukuguswa. Miaka yote ile sikuwahi kuosha sufuria iliyojaa. Na siku ya pili alipopita korido na chupa ya uji, mwanamke mmoja alimgeuza mtoto wake uso ukutani ili asimwone.

Nyinyi mnaotoka mbali labda hamwelewi. Huku kwetu, mwanamke mtu mzima aliyebaki peke yake, mwenye macho mekundu, ambaye watu wamekula chakula chake wakaugua, ana jina moja tu analopewa, na jina hilo limeshaua watu. Macho ya Paskalia ni mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni, miaka zaidi ya ishirini. Utamweleza nani? Aliacha kupita korido. Akawa anavaa miwani ya jua jikoni, ndani, akikoroga maharage, na mimi sikucheka. Alikuwa anaogopa, na mimi nilimwogopea.

Jumatatu akaja Davis, mtaalamu wa maabara kutoka Mwanza, kijana mwembamba mwenye sanduku la vijiti vya pamba. Alipangusa kila kitu. Alipangusa bomba, mwiko, ubao, mlango wa kabati, kachumbari, sponji yangu, na viganja vya kila mtu, akaandika majina kwenye vichupa. Paskalia alimpikia kuku ili wajuane. Davis akashukuru sana, akatoa mfukoni ndizi mbili na yai la kuchemsha alilokuja nalo toka Mwanza, akala amesimama. Paskalia alinuna siku nzima. Kumkatalia chakula mbele ya watu, na yeye alikuwa amekitilia mafuta ya ng'ombe.

Katibu wa hospitali, Bwana Marselino, alikuwa na shida yake. Wageni wafadhili walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi, na yeye alitaka wakifika wakute mkosaji ameshapatikana na ameshaondoka. Daktari hawezi kuwa mkosaji. Mpishi mkuu anajulikana mpaka kwa askofu. Nani anabaki? Jumanne nikaitwa ofisini, nikaambiwa uchafu wa vyombo ni jukumu la muosha vyombo, nikae nyumbani mpaka majibu yatoke, na Jumatatu nije kuchukua barua yangu. Nikamuuliza kama barua imeshaandikwa, majibu ya nini. Akaniambia nisiwe na mdomo. Mdomo ninao, ndio niliozaliwa nao.

Wiki ile nilikaa nyumbani nikafua hadi mapazia. Nina watoto watatu na sina kazi nyingine ninayoijua. Paskalia alikuja mara mbili, kila mara na mayai yake manne, akakaa, akaondoka bila kusema la maana. Nilimwona anatazama mikono yake. Nilidhani anafikiria ule uvumi.

Jumatatu saa nne tukakusanyika kwenye chumba cha mikutano. Daktari Eufrasia, Katibu na barua yangu kwenye bahasha, Davis na makaratasi yake, manesi, wapishi, na mimi nimekaa karibu na mlango nimevaa kama mtu anayekwenda msibani. Davis akasoma. Sponji, vijidudu vimo. Ubao wa mninga, vimo, tena vingi. Kachumbari, vimo. Kiganja cha kulia cha mpishi mkuu, vimo. Mikono ya muosha vyombo, akapindua karatasi, akaangalia upande wa pili, hamna kitu kabisa, haijawahi kuonekana mikono safi namna hiyo. Nikasimama niwaonyeshe. Nikaambiwa nikae.

Bwana Marselino akasema sawa, lakini sponji ni ya nani? Ya muosha vyombo. Basi barua inabaki palepale. Davis akajaribu kueleza kwamba sponji inaokota tu inachopewa, kwamba vijidudu vya namna hii havizaliwi jikoni, vimekulia mahali penye dawa nyingi. Akauliza kama kuna mtu hapa anafuga, na kama mifugo yake inapewa dawa.

Nilijua jibu kabla ya mtu yeyote. Nikamtazama Paskalia. Paskalia alikuwa anatazama kiganja chake. Nilikuwa na mdomo wangu wote, mdomo ule aliousema Katibu, na ulikataa kufunguka. Ningemtaja vipi? Mayai yake yalikuwa nyumbani kwangu kwenye bakuli.

Akanyanyuka, akatoka nje, akaenda zake.

Katibu akasema mnaona, hata yeye ameona aibu kwa ajili ya mfanyakazi wake. Mimi nilimtukana Paskalia moyoni, tusi la Kisukuma ambalo nikiliandika hapa mchapaji atalikataa. Miaka kumi na mmoja nimekuoshea masufuria yako, leo unaniacha na bahasha. Katibu akaanza hotuba kuhusu usafi. Ilikuwa hotuba ndefu, ilianzia enzi za wamisionari, na kwa mara ya kwanza maishani namshukuru Mungu kwa hotuba zake, kwa sababu alikuwa hajafika hata kwenye vyoo mlango ulipofunguliwa.

Paskalia aliingia akihema, hana miwani, jasho linamtiririka, kopo la kahawa mkono mmoja, na kwapani ana kuku. Alikuwa amekwenda Nyasubi na kurudi kwa bodaboda. Kuku nilimjua, jina lake Sista, mweupe mwenye shingo nyeusi, mtagaji mkubwa. Nusu ya mayai niliyokula ni yake.

Akaweka kopo mezani, akalifunua, akalimimina. Vidonge vyekundu na vyeusi vikatawanyika juu ya meza ya Katibu, vingine vikabingirika hadi kwenye bahasha yangu.

"Katibu," akasema, "kwenye hiyo barua futa jina la Mama Aneth, uandike la kwangu. Sponji haikufuga kuku."

Akaeleza yote, amesimama, bila kujificha. Sahani, ndoo, kopo, maji ya Jumamosi, supu ya Jumapili, ubao. Hakunitaja kwamba nilijua. Wakati anaeleza, Sista alichoka kukaa kwapani. Alijichomoa, akapita juu ya makaratasi ya Davis, akamrukia Katibu begani, akashuka kwenye jagi la maji na kuliangusha. Davis akatoa kijiti cha pamba akaanza kumfukuza chumba kizima, na ni vigumu kumheshimu mtaalamu anayekimbiza matako ya kuku. Daktari Eufrasia alijifunika uso kwa faili, mabega yanacheka. Mwishowe Paskalia alimdaka Sista kwa mkono mmoja, akamgeuza miguu juu kichwa chini, akamnyooshea Davis.

"Pima," akamwambia.

Davis alipopata pumzi alitufafanulia, na nitawaambia kama nilivyoelewa mimi. Vijidudu viko tumboni mwa kuku siku zote. Ukiwapa dawa kidogo kidogo kila wiki, vile dhaifu vinakufa, vinabaki vile vikorofi, na hivyo vinaizoea dawa kama mwizi aliyezoeana na mbwa wa nyumba. Ukimchinja kuku, vinahamia kwenye ubao na kiganja. Moto wa supu unaviua, ila kachumbari haipiti motoni. Na mtu akiugua kwa vijidudu hivyo, ukimpa dawa ileile, mwizi anampungia mbwa mkono na kuingia ndani.

Majibu ya Sista yalirudi siku ya nne. Vijidudu ni vilevile.

Barua yangu Daktari Eufrasia aliichana mwenyewe. Lakini Paskalia hakuja kusherehekea. Nilimkuta ameketi nyuma ya jiko analia, kilio cha mtu mzima, kisicho na sauti. Nikadhani anailia kazi. Akaniambia kazi wachukue, yeye anamlilia yule kijana wa Kigoma, maana alimpa ile supu kwa mkono wake mwenyewe akamsimamia mpaka amalize bakuli, akamwambia kunywa mwanangu, kwenu ni mbali.

Nikamshika mkono tukaenda wodini. Mihayo alikuwa amelala, mashavu yamebonyea, ameanza sindano mpya iliyoletwa kutoka Mwanza na hakuna aliyejua kama itafanya kazi. Paskalia akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia mbele ya wodi nzima kwamba ugonjwa wake umetoka jikoni, kwa kuku wake, waliokula vidonge alivyovikusanya kwenye sahani. Wagonjwa wote walikuwa wameinua shingo. Mimi nilisimama kati yao na yeye, nimeshika kiuno, kama kuna mwenye neno aniambie mimi.

Mihayo akauliza ni sahani za wodi gani.

Paskalia akamwambia za wodi hii hii.

"Basi vingi ni vyangu, mayu," akasema. Neno la mama la Kisukuma alikuwa amelijifunza kwake. "Mimi nilikuwa navificha chini ya ugali tangu siku ya tatu. Tumelishana wenyewe."

Yule wa kitanda cha pili akakohoa, akasema na yeye. Wa tatu akafunika uso kwa shuka. Wakati ule ndipo nilipoona uvumi umekufa. Mchawi gani anakuja na kopo lake mwenyewe na kuku kwapani? Jioni yake sahani za ugali zilirudi tupu, na mwanamke yule wa korido akaja jikoni kuomba ukoko kwa ajili ya mtoto.

Sindano ilifanya kazi. Mguu haukukatwa. Mihayo aliondoka na fimbo na anachechemea hadi leo. Wenzake wawili walishapona kabla yake. Ubao wa mninga ulistaafu, Paskalia ameutundika ukutani kwake kama picha ya marehemu. Kuku wakapigwa marufuku kukanyaga hospitali, wakiwa hai au wamechinjwa. Na kuonja ni kwa kijiko, ambacho kikitumika mara moja kinakuja kwangu. Wiki mbili za kwanza mchuzi ulikuwa hauna ladha hata kidogo, wagonjwa wakalalamika hadi kwa Katibu, na Katibu, ambaye naye hula palepale, akauliza kama haiwezekani kiganja kikaoshwa tu kwa sabuni.

Adhabu ya Paskalia ilikuwa miezi mitatu nje ya jiko. Daktari Eufrasia akampa kazi nyingine, kumfuata nesi wa dawa kitanda hadi kitanda. Ee, wanaapolo walikoma. Wanaume walioshuka mita mia chini ya ardhi kwa kamba walikuwa wanatetemeka wakiona kitenge chake mlangoni. Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Halafu akawa anafunua na ugali. Sahani hazikurudi tena kwangu na rangi mbili.

Miezi mitatu ikaisha akarudi jikoni. Na mwaka jana, wakati wa kiangazi, akatokwa na jipu kubwa mgongoni. Likapasuliwa, akapewa vidonge vya siku saba, akaambiwa apumzike nyumbani. Siku ya tano nikaenda Nyasubi kumjulia hali. Nikamkuta anafagia banda, anaimba, mzima kabisa, Sista anamzunguka miguuni. Akanikaribisha, akanipa kiti, akaenda kuchemsha mayai. Siku hizi tunayachemsha mpaka yanakuwa kama mpira.

Alipoinama kupuliza moto, nikaona fundo kwenye ncha ya kitenge chake. Kila mwanamke ana fundo, mengine ya hela, mengine ya ugoro. Hili lilikuwa na vitu virefu virefu. Nikalishika, nikalifungua. Vidonge tisa, upande mwekundu, upande mweusi.

Akaanza kujitetea. Eti jipu limekauka, eti vinamchafua tumbo, eti vya kuku hapana, anaapa kwa marehemu mume wake, anaviweka tu, huwezi kujua.

Nikaenda kwenye mtungi nikachota maji. Nikarudi, nikasimama mbele yake, nimeshika kiuno.

"Mama Aneth," akasema kwa unyonge. "Hata mimi?"

"Hata wewe. Meza."

Akameza.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Akainua ulimi. Nikamwambia kesho asubuhi nitakuja tena, na keshokutwa, mpaka viishe. Kisha tukakaa tukala mayai.